Makopo Mawili ya Kuogea

Mama,

Shikamoo. Najua utauliza kisima kabla ya wajukuu zako, Zainabu wangu na wadogo zake, basi nianze nacho: maji yapo.

Kitangari ya sasa ungeishangaa. Watu wanakwenda Mtwara na kurudi siku hiyohiyo, na msimu wa korosho ukifunguliwa tunajaa makarani, madereva na walimu wageni, hawana pa kulala. Ndiyo nikajenga vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja chako. Mjomba Hamisi alinuna. Akanipa msimu mmoja tu: vikikaa vitupu avibomoe, apande mihogo. Nilijifungia chooni nikalia, sikutaka anione.

Na nilikaribia kumpa ushindi bure. Bomba limefika hadi uani, lakini mkono wangu ni ule ule ulioufunza wewe: makopo mawili ya kuogea, basi. Mgeni wa kwanza, karani wa korosho kutoka Dar, nilimpa ndoo na kopo, kisha nikasimama nje ya bafu nikisikiliza. Alipofika kopo la tano nikashindwa kuvumilia, nikamwambia maneno yako: "Unaoga au unamwagilia?" Alihama kesho yake, akanitangaza mji mzima. Wiki mbili nilipangisha mijusi.

Halafu bomba likakauka, siku tisa. Nyumba za wageni kote watu wanajipaka manukato tu. Mimi nina kisima chako cha mvua, kile ulichokijenga mwenyewe chini ya bati, watu wakikucheka kwamba unachimba kaburi la maji. Siku ya tatu karani akarudi na begi lake, shikamoo mbili mbili. Kufika Ijumaa sikuwa na chumba. Hadi leo vimejaa.

Mjomba naye alikuja kuoga. Akatoka, akajifuta uso, akasema, "Dada yangu alikuwa na akili." Mama, maisha yako yote uliyangoja maneno hayo, na alipoyasema hupo. Niliingia bafuni nikafunga mlango. Nikajimwagia, nikajimwagia tena, nikilia, wala sikujua nimefika kopo la ngapi. Karani akapaza sauti toka barazani: "Mama Zainabu, unaoga au unamwagilia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Pumzika, Mama yangu. Vyumba vinabaki, na kisima nitakisafisha kila mwaka kabla ya mvua, kama ulivyokuwa ukifanya. Nitaoga kwa makopo mawili, nakuahidi. La tatu ni siku nikikukumbuka sana.

Mwanao,
Somoe