Ndizi za Mama, Viatu vya Eneko

Jumatatu, 5 Mei 2025

Sanduku limerudi kitandani. Jana nililipandisha juu ya kabati, leo nimetoka kazini nimelikuta limefunguliwa na soksi za mtoto zimepangwa ndani kwa rangi. Eneko huyo! Mume wangu hawezi kupanga hata sahani, lakini soksi za mtu ambaye hajazaliwa anazipanga.

Mama yake amepiga simu kutoka kwao milimani, Eneko akanitafsiria. Chumba cha mtoto kimeshapakwa rangi – nyekundu na nyeupe. Rangi za klabu! Nikacheka kwa adabu, kama mkwe anavyotakiwa, kisha nikaenda kujilaza.

Nimechoka kuwaeleza watu jambo hili, acha nilieleze hapa mara moja liishe. Klabu kubwa ya kwao Basque haichukui mchezaji ila aliyezaliwa au aliyelelewa kwao. Ndiyo desturi yao, zamani na zamani. Eneko alikuwa pale tangu utotoni, wakamwacha akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo ni kuhamahama tu: madaraja ya chini, Kupro, Poland, na sasa Durban – beki wa kushoto mwenye miaka thelathini na sita, kwenye timu inayopigania isishuke daraja. Basi anataka nikazae kwao, ili mtoto asije akafungiwa mlango. Mtoto yuko tumboni, baba anashughulikia usajili!

Mimi nataka kuzaa hapa. Daktari wangu yuko hapa, kazi yangu ya duka la dawa iko hapa. Na Mama anakuja kutoka Moshi kunilea. Viza ya kukaa muda mrefu ameshapata. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori wa ndizi na nyama, hagusi kazi. Mama amemenya ndizi za mshare za huo mtori akazianika juani, maana nilimwambia mbichi watamnyang'anya uwanja wa ndege. Juzi kanitumia picha: ua mzima ni ndizi.

Habari ya safari sijamwambia.

Jumatano, 7 Mei

Kliniki. Daktari Wafeeqa kapima, mtoto mzima – msichana! Nikajua nimepona, habari ya klabu imekwisha. Kwenye gari Eneko kimya, kimya, mpaka robot ya kwanza, taa za barabarani wanavyoziita hapa. Taa nyekundu. Ghafla akapiga usukani: wanawake nao wana timu! Akapiga honi kwa furaha. Dereva wa taxi mbele yetu akatoa kichwa dirishani akatutukana kwa Kizulu. Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Wafeeqa alikuwa wazi: ukipita mwezi huu haandiki tena cheti cha kusafiri. Eneko akauliza kama haiwezekani kusogeza kidogo, kwa sababu ya ligi. Wafeeqa akamtazama juu ya miwani, akamwambia mtoto hafuati ratiba ya ligi.

Kwa hiyo tiketi ni za tarehe 21. Mechi ya mwisho ni tarehe 17, halafu anaacha mpira. Anasema. Alisema ataacha Krismasi. Akasema Pasaka.

Jumamosi, 10 Mei

Timu imesafiri. Nimekwenda South Beach kusukwa kwa Marcelline, msusi wangu Mkongo. Saluni yake iko chini ya ghorofa, ndogo, lakini ana feni nzuri na kiti kinachoinuliwa, nikaweka miguu juu. Miguu imevimba kama mikate.

Nikamwambia yote. Akaacha kusuka, chanuo hewani.

"Eish! Ma sœur, weye uko na mimba kubwa hivi, bwana iko anatafutia mtoto équipe, timu ya mpira?"

"Ndiyo hivyo."

"Miye nilizaa moja Bukavu, moja Kigoma, moja hapa Durban. Pays tatu, inchi tatu! Hakuna hata moja anapenda mpira. Ule wa kwanza anapenda kulala."

Saluni nzima ikacheka. Kisha akainama sikioni akauliza, kule nani atakushika mkono? Nikasema mama mkwe. Akauliza anajua lugha gani. Nikasema Kibaski na Kihispania. Akaendelea kusuka, lakini taratibu zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Wamefungwa. Eneko karudi goti la kushoto limeumuka. Nimeliwekea barafu, nimekaa sakafuni kwa tabu, tumbo linanizuia kuinama. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Sentensi zangu nilikuwa nimezipanga tangu asubuhi! Siendi, period.

Akaanza yeye. Sijui kwa nini leo. Akanisimulia siku walipomwacha – miaka hii yote ya ndoa hajawahi. Walimwita ofisini, dakika chache tu, wakampa mkono wa kwaheri. Baba yake alikuwa anamsubiri nje garini. Hakumuuliza neno njia nzima. Walipofika nyumbani mzee akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Na Jumapili iliyofuata akaenda uwanjani peke yake, kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti chake. Mpaka leo anakwenda. Eneko hajawahi kwenda naye tena. Anaona aibu.

Akasema hajali mtoto awe nyota. Anataka tu mzee apate mtu wa kumtazama pale chini kabla hajafa.

Nikaona sentensi zangu zote zimenikimbia. Nampenda huyu mtu, ndiyo shida yenyewe. Nikasema sawa, nitakwenda. Si kwa ajili ya klabu – kwa ajili ya yule mzee na ng'ombe wake. Akaweka kichwa tumboni kwangu, akaanza kuongea Kibaski na mtoto. Mtoto akapiga teke. Eneko akaruka: mguu wa kushoto! Ameujuaje, Mungu wangu?

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Mama. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikasikia akiweka ungo chini. 

Akasema, "Sawa, mwanangu. Kwa mumeo ndiko kwako."

Kisha akauliza, huyo mama mkwe anajua mtori? Nikasema nitamfundisha. Akauliza, mzazi anaamkaje kitandani kumfundisha mtu kupika? Akasema basi ndizi atawagawia majirani, zisije zikaota ukungu.

Hakulia. Angelia ningepumua.

Jumamosi, 17 Mei

Wamesalimika! Sare, na inatosha, hawashuki. Eneko aliingia kipindi cha pili, goti limefungwa bandeji mpaka pajani. Nilikuwa jukwaani na blanketi, mjamzito peke yangu katikati ya vuvuzela. Dakika za mwisho aliokoa mpira mstarini kwa mguu ule ule mbovu. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu, bibi wa Kizulu, akanishika bega akaniambia nikae, nisije nikazalia pale.

Baada ya filimbi wakambeba. Alilia wazi, mbele ya watu. Kwenye gari akasema, "Imekwisha." Kwa Kiswahili! Neno hilo nilimfundisha mimi, la maziwa yakiisha kwenye friji.

Nilifurahi. Nimefurahi sana, na nimechoka sana. Viatu kavitundika balkonini, anasema Japhet, dereva wa basi la timu, avichukue.

Jumatatu, 19 Mei

Japhet kapita. Ni kijana wa Mbeya.

"Shemeji, shikamoo ya tumbo hilo! Nimefuata viatu vya kaka."

Nikaenda balkonini. Hakuna. Nikatafuta bafuni, chini ya kitanda. Nikampigia Eneko, alikuwa benki. Akasema kavitupa, vilikuwa vimechanika.

"Katupa?" Japhet akakuna kichwa. "Viatu vya mechi ile? Haya, shemeji. Safari njema."

Alikunywa chai akaondoka. Nimefunga masanduku. Nyumba ina mwangwi. Kazini wameniagia kwa keki. Kila mtu ananipongeza nakwenda Ulaya, nami naitikia, asante, asante. Natamani kulala wiki nzima.

Jumatano, 21 Mei

Uwanja wa ndege. Nimekaa juu ya sanduku, naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Tulifika vizuri. Mizani ikakataa: sanduku la mtoto limezidi uzito. La mtoto! Lina soksi tu. Nikalifungua pale pale sakafuni, watu wanapita. Ndani kabisa iko kanga aliyonitumia Mama, ya kumbebea mtoto. Nzito. Nikaifungua – viatu. Vimesafishwa, vimepakwa dawa, kamba mpya.

Eneko akawa mwekundu. Vya kumwonyesha mzee tu, akasema. Nilitaka kuamini. Nilikuwa karibu kabisa kuamini, na simu yake ikaita. Kocha.

Akatoka nje. Akarudi uso unawaka, sijamwona hivyo tangu tuoane. Wanamtaka msimu mwingine! Mmoja tu! Mazoezi yanaanza mwezi ujao. Akanishika mabega: nitangulie mimi, atanifuata kabla sijazaa. Mama yake yupo, chumba kiko tayari, mzee anasubiri. Goti limepumzika siku nne, hata halimuumi! Nikamuuliza, na ukichelewa? Akasema hatachelewa. Akatoka tena, kocha bado yuko hewani.

Nikampigia Mama.

"Mama, zile ndizi ulishagawa?"

Nikasikia kuku wake nyuma. "Nilimpa mama Clara kidogo," akasema. "Zingine zipo. Niliona uvivu."

Mama yangu na uvivu!

"Sia, uko wapi?"

"Kwenye foleni, Mama."

"Na mumeo?"

Nikasema yuko nje. Mama akasema viza yake bado haijaisha, na kwamba ndizi anazirudisha juani, nimpigie nikijua nazalia wapi.

Dada wa kaunta ameniuliza mara ya pili: tunasafiri wawili, au mmoja, au vipi? Nyuma yangu watu wanaguna. Viatu viko mapajani mwangu. Eneko yuko nje ya kioo, simu sikioni, anacheka. Amesimama kwa mguu wa kushoto peke yake, anakunja goti, anakunjua, analijaribu.