Zaina Aliyeshika Wimbo

Jumatatu, 3 Mei 1999
Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, Wabelgiji nimewaona wakifunga mizigo, na vita hii nayo itaniacha hapahapa Buyenzi. Leo kama kila siku: swala, chai, redio. Jioni nimemupakulia Zaina mara ya pili, maharagwe na mawese mengi. Mujukuu wangu, miaka kumi na tatu, munene, muzuri. Akasukuma sahani. Nikasema wakati huu wa vita mutoto mwembamba ni aibu, majirani watasema muzee hana kitu. Akajibu: "Babu, unene sikatai. Nakataa kushindiliwa."
Nimekasirika sana. Hakuna mutu aliwahi kukataa mukono wangu.

Jumatano, 5 Mei
Sasa najua yote, Zaina amenieleza. Kila Jumamosi, kuvrefe ile ya kukataza watu kutoka usiku ikiisha asubuhi, vijana wa mutaa wanakimbia mchakamchaka, na Zaina anakimbia nao. Mara ya mwisho alisimama njiani. Shabani, yule anayeshika wimbo, akamuambia: "We pipa, ukisimama tena, baki kwa babu yako ukaange ndagala!" Nilitaka kuchukua fimbo. Zaina akacheka tu. Eti pipa ina miguu, itarudi.
Mi ningelia. Yeye apana. Kila asubuhi anaruka kamba uani. Anakula, akishiba anaacha. Anajitazama kwenye kioo na anajipenda.

Ijumaa, 7 Mei
Nimesema kesho nakimbia naye. Bandarini nilibeba magunia ambayo vijana wa leo wangeyakimbia. "Babu, na goti?" Goti ni langu.
Naogopa. Si goti. Naogopa asimame, wamucheke mbele yangu.

Jumamosi, 8 Mei
Goti likakataa darajani. Zaina akapunguza, akanishika mukono. Wote wakatupita. Nikasema niache, we kimbia. Akakataa, mubishi kama mi.
Mbele, Shabani alikuwa anakimbia kwa sifa. Pumzi ikamukatika katikati ya wimbo. Zaina akaudaka kutoka nyuma, sauti nzito, pumzi imejaa. Na hapa kwetu anayeshika wimbo ndiye anapanga mwendo. Wakapunguza wote, hata Shabani, wakaitika, mpaka tukawafikia. Tumefika musikitini pamoja. Zaina hakusimama hata mara moja.
Pipa ile! Damu yangu! Lakini nisiseme uongo: mi katika umri wake sikuwa hivyo.

Jumapili, 9 Mei
Goti limevimba. Zaina amelikanda na maji ya moto.
Jioni nimepakua sahani moja. Amekula, ameshiba, amesema ahsante. Mukono wangu ukaenda tena kwenye sufuria. Nikaurudisha.
Asiyeamini amuulize Sadi, fundi wa baiskeli kando ya musikiti. Tulipopita aliacha tairi, akasimama, akaitika wimbo.