Si Lydia Aliyemwandikia Mzee Zacharia

Nyumba za Wafanyakazi wa Shule,
Riyadh.
Jumamosi, 15 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Truphena,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Jeddah? Mguu wako uliokuwa ukivimba jioni unaendeleaje, na hiyo nyumba ya Al-Rawdah ina ngazi nyingi? Duncan, kila akirudi na gari la madam kutoka huko, anasema joto lake ni la majimaji, mtu anatoka kuoga akiwa amelowa jasho tena. Mungu akushike.

Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, Baba bado anaendesha basi la shule, nami nasoma Kiingereza asubuhi na Kiarabu baada ya chakula. Kiswahili changu ni cha nyumbani tu, kwa hivyo nivumilie nikikosea.

Barua hii nampa Duncan kwa kuwa simu yako walikunyang'anya. Tena, haya ninayotaka kusema hayawezi kunitoka mdomoni. Unanijua. Wageni wakija huwapa mkono na kukimbilia jikoni. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Shangazi, si Lydia aliyemwandikia Mzee Zacharia. Ni mimi.

Wewe ndiye uliyenifanya nimpende yule mzee mchekeshaji. Uliniambia kwamba ulipokuwa msichana kulikuwa na televisheni moja tu kijiji kizima, ya mwenye duka, na watu waliokuwa na shamba la kulima asubuhi walikesha wakimngoja mpaka saa tano usiku. Anatoka na suti yake ya kahawia, anakaa nyuma ya meza, anakoroga chai asiyoinywa, kisha anauliza, "Haya, taifa, nani hajalala?" Kesho yake walimu na wahubiri wote wanazungumza kama yeye. Ukaniambia juu ya chifu aliyekula mahindi ya msaada wa njaa. Mzee alimcheka Jumatatu, na kufika Ijumaa chifu alikuwa amehamishwa. Mama yako, Kukhu, akasema serikali ina pamba ya masikio ya kuzuia kilio lakini haina ya kuzuia kicheko.

Sasa amezeeka na televisheni wamemwacha. Anafanya kipindi chake kwenye simu, sebuleni kwake, anasoma barua anazoandikiwa, watu wachache wamekaa mbele yake. Lakini hata huku bado ni mfalme. Nenda sokoni Batha Ijumaa yoyote, chumba cha nyuma cha fundi cherehani, utawakuta akina mama wa kwetu wameegemeza simu kwenye cherehani wanamtazama. Walinzi wakibadilishana zamu husalimiana kwa maneno yake. Na wote wanaamini jambo moja: Mzee akisoma barua yako, unarudi nyumbani. Ati kuna dada wa Dammam alisomwa, na baada ya wiki mbili alikuwa kwao. Nikiuliza jina lake, hakuna anayelijua.

Wanasema pia kwamba hasomi barua isiyochekesha. Zile za huzuni huziweka chini ya kikombe.

Basi madam alipokuambia "bukra", hiyo kesho yao isiyofika, kwa mara ya tatu kuhusu ruhusa yako ya kwenda nyumbani Desemba, niliandika. Sikuandika jina lako. Niliandika dada mmoja wa mtaa wa Al-Malqa. Niliweka paka wa madam waliopewa majina ya dada zake ili apate kuwagombeza. Niliweka yale ya kupiga pasi soksi. Halafu niliweka mashine ya kufulia.

Hilo ulituambia sisi wawili tu, mimi na Lydia, kwa kuwa Lydia alikuwa akipika nyumba hiyohiyo. Kwamba ukitaka kulia unawasha mashine ili wasikusikie, na siku nyingine unafua nguo ambazo ni safi. Sikulifanya mzaha, Shangazi. Nililiandika kama ulivyolisema. Ila nililiweka baada ya paka, na kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kucheka.

Mzee alisoma, akakoroga chai yake, akasema, "Huyu dada wa Malqa, nguo zake ni safi kuliko za malaika!" Wakacheka sana. Akapiga meza.

Sasa nikuambie lile baya zaidi, ambalo hata Mungu sijamwambia sawasawa. Nilifurahi. Mimi ambaye darasani nikiitwa jina najificha nyuma ya kitabu, nilisikia watu wakicheka kwa maneno yangu. Nilikirudia kipindi mara sita. Mpaka mara ya tatu nilikuwa sijakukumbuka wewe.

Na wote tulimsahau Jud. Mtoto wa madam uliyemlea tangu akitambaa, aliyejua kusema maji kabla ya kusema moya ya Kiarabu! Duncan alikuwa akikicheza kipindi hicho jikoni, akidhani wenye nyumba hawana Kiswahili. Alimweleza Baba baadaye, huku amejishika kichwa, kwamba Jud alicheka akasema, "Hawa ni paka wetu!" Kisha akakimbia sebuleni akamsimulia mama yake yote kwa Kiarabu, kuanzia paka mpaka mashine, kwa majivuno kama mtoto anayekariri shairi shuleni. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Siku mbili, ukawa njiani kwenda Jeddah kwa dada ya madam, yuleyule ambaye paka wa kijivu ana jina lake.

Baba alivaa tai akaenda kuzungumza na kafili wako, mwajiri anayeshika ruhusa yako. Alipewa kahawa, akaambiwa, "Halas, Zablon. Mafi safari mwaka huu," yaani imekwisha, hakuna safari. Alirudi akakaa ndani ya gari mpaka Mama akamfuata. Binti yako Lorine anapiga simu kila Jumapili kutoka kwa Kukhu. Juzi aliniuliza viatu ulivyomnunulia ni saizi gani, kwa sababu mguu wake umekua na anaogopa utafika navyo vikiwa vidogo. Nilimwambia nitauliza.

Lakini la Lydia ndilo linaloniua. Ulimtuma Duncan aseme, "Mwambieni Lydia nimemjua." Ilichukua Ijumaa moja tu, Batha nzima ikajua. Alipoingia kwa fundi, mama mmoja alisema kwa sauti, "Fungeni midomo, mtangazaji amefika!" Mwingine akasema, "Karibu, redio. Leo unasoma ya nani?" Hakuna aliyesogea akae. Lydia alisimama mlangoni na mfuko wake, kisha akanijia mimi, mimi kati ya watu wote, akanishika shavu. "Jael, mbona umekonda hivi, mama? Ni mitihani?"

Nikasema ndiyo, ni mitihani.

Nilimwandikia Mzee Zacharia tena. Safari hii bila mzaha hata mmoja. Nilimweleza yaliyokupata, nikamwomba aseme neno moja tu, yeye aliyehamisha chifu. Jibu lilikuja siku hiyohiyo kutoka kwa kijana anayemshikia simu: "Asante sana! Ile ya kwanza Mzee alicheka mpaka akatoa machozi. Una nyingine?"

Shangazi, nilikuwa nimeamini kweli. Nilifikiri mtu anayesikilizwa na watu wengi hivyo lazima na yeye anasikiliza.

Basi jana nilikwenda Batha nikasema nitalimaliza mwenyewe. Wanawake walikuwa kama kumi na tano. Nilisimama. Ila mimi sijawahi kuzungumza mbele ya watu. Nilichowahi kujifunza ni kumwiga Mzee mbele ya kioo, tangu nikiwa na miaka kumi, kwa sababu nikiwa yeye siogopi. Nilipofungua mdomo sauti yangu haikutoka, ikatoka yake. Nikakohoa kama yeye. Nikasikia nikisema, "Haya, taifa."

Chumba kililipuka. "Ai! Kumbe binti ya Zablon ni Mzee mtupu!" Nikasema ni mimi niliyeandika, si Lydia. Wakapiga makofi. "Endelea! Lete na ya paka!" Kila nilivyoapa ndivyo walivyoshikana mabega kwa kicheko. Nikaanza kulia, na mmoja akasema, "Tazameni, hata machozi anayaweza," akanielekezea simu anirekodi.

Lydia peke yake hakucheka. Alichukua mfuko wake akatoka. Nilimfuata mpaka ngazini. Nilitaka anipige. Akasema polepole, "Nimesikia, Jael. Lakini hawa waliambiwa na Truphena kwamba ni mimi. Hawataamini kinywa kingine. Mwambie yeye." Akashuka.

Lydia anarudi nyumbani kabisa, Jumanne tarehe 25. Unajua kwao na kwa Kukhu ni soko moja. Asipotolewa jina hilo hapa, atashuka nalo pale, na mama yako mzazi ndiye atakayempa kisogo.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe. Nakuomba umpe Duncan neno moja arudi nalo Riyadh Jumatatu, la kusomwa kwa fundi mbele ya wote: kwamba Lydia hana kosa. Ukitaka utaje jina langu, litaje. Baba bado hajui. Nitamwambia leo Duncan akishaondoka, kwa maana nikimwambia kabla atanizuia nisikuongezee uchungu, nami nitafurahi kuzuiwa.

Kuhusu safari yako sina habari njema na sitaki kukutungia moja. Baba anasema tujaribu tena mwaka ujao. Anasema akiangalia chini.

Mama anakusalimu sana, amekufungia majani ya chai ya nyumbani na dawa ya kuchua mguu. Baba anasema usife moyo. Kukhu Hannah anakuombea kila asubuhi, na Lorine anasema anajua kusoma sasa, basi umwandikie herufi kubwa.

Mungu asiyehitaji kuchekeshwa ndipo asikie, akusikie wewe hapo ulipo.

Ni mimi binti ya kaka yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Jael