Mguu wa Kipchumba Uko Kimilili

Huruma, Eldoret
4 Machi 2024

Kwa Senge Maximilla,

Habari za Kimilili? Natumaini goti limepoa na mvua imeanza vizuri. Mimi ni mzima. Najua masikio yako na simu hayasikizani siku hizi, ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la Kimilili atakuachia barua pale steji.

Nina ombi, Senge, na nakuomba kwa sababu wewe ndiye dada wa marehemu baba na sina mwingine. Unajua hapa karakana tunatengeneza miguu ya bandia. Siku hizi tunapiga kigutu cha mtu, pale mguu ulipokatwa, picha pande zote, kompyuta inaweka umbo lake kwa faili, na mashine inachonga kufuata hilo umbo. Mtu akirudi akisema "hapa panauma," tunarekebisha faili. Wengine wametoka Lodwar na Kapenguria, na wamerudi mara nyingi mpaka mguu ukakaa sawa. Kazi hiyo yote iko kwa kompyuta moja, kwa jengo moja.

Juzi bosi wetu Phineas aliniuliza, "Selpha, hapa pakipatwa na jambo, tutawaambia nini hawa watu?" Sasa tumeweka programu ambayo ikiona faili imebadilika, inatuma nakala yake kwa kompyuta ingine iliyo mbali na mji huu, yenyewe, bila mtu kukumbuka. Hiyo ya mbali ni kisanduku tu, kama redio. Kinataka stima ya kukiwasha, intaneti tutakayolipia sisi, na nyumba ya mtu mwaminifu, kwa maana hiyo ni miili ya watu. Nimekutaja wewe.

Na Pasaka njoo utuone, tafadhali.

Binti yako,
Selpha


Kimilili
13 Machi 2024

Mwanangu Selpha,

Nimepokea salamu zako, nami nakurudishia. Goti liko hivyo hivyo, lakini nalima. Ng'ombe amezaa.

Lete hicho kisanduku. Nitakiweka juu ya kabati, mbali na kuku na mbali na watoto wa jirani. Sielewi hiyo programu yako, lakini maana yake naielewa kushinda nyinyi wote. Wakati wa ile fujo ya uchaguzi wa 2007, nyumba yangu hapo Huruma ilipochomwa, nilitoka na kanga na viatu. Cheti cha ukunga nilikuja kupewa kingine. Lakini picha za mume wangu zote zilikuwa kwa sanduku moja chini ya kitanda. Leo sura yake naitafuta kichwani na wakati mwingine siipati. Kama ningekuwa nimepeleka hata moja kwa ndugu yangu, ningekuwa nayo.

Kwa hivyo vitu vya watu nitavitunza. Lakini Pasaka usiningoje. Nilipotoka Eldoret nilijiambia imetosha, na unajua sijakanyaga huko tena. Usiniulize kila mwaka.

Senge wako,
Maximilla


Huruma, Eldoret
20 Juni 2024

Senge wangu,

U hali gani? Na huyo ndama? Sisi tunasukuma maisha, baridi ya mwezi huu ndiyo inatumaliza.

Pole kwa kukuuliza tena mambo ya Pasaka. Sitarudia.

Naandika kukwambia asante. Jana Phineas alitaka kujua kama kisanduku chako kinafanya kazi kweli au tunajidanganya. Akachukua faili moja akaifuta makusudi hapa Eldoret. Javan, mwenzangu wa kompyuta, akashika kichwa: "Bosi, na huko mbali pia si itafutika?" Kumbe programu ikifuta huko kwako, ile ya zamani inaiweka kando kwanza, isipotee kwa makosa yetu. Tukaiomba kutoka kabatini kwako, ikarudi nzima. Tulipiga makofi kama watu wa harusi.

Faili yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja wa Sugoi, karibu na hapa Eldoret, anaitwa Kipchumba. Anafuga ng'ombe wa maziwa, na mashine ya kukata nyasi ilimchukua mguu. Kigutu chake ni kigumu, kina kovu linalotokwa na damu kila tukikosea kidogo. Tumemrekebishia mara nyingi na hajawahi kutusemesha vibaya. Nilipomwambia mguu wake sasa uko Kimilili, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi umetangulia kutembea."

Anakusalimia.

Binti yako,
Selpha


Kapsoya, Eldoret
14 Oktoba 2024

Senge,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Sisi ni wazima, hakuna aliyeumia. Hilo ulijue kwanza.

Karakana imeungua. Ilikuwa jana Jumapili, tukiwa kanisani. Moto ulianza kwa stoo ya magodoro iliyo nyuma yetu, na unajua godoro likishika. Javan ndiye alikuja kuniita katikati ya mahubiri. Tulipofika, paa lilikuwa limeshuka. Kompyuta ilikuwa bonge moja jeusi, na ile diski ya akiba tuliyoweka kwa droo, hata droo yenyewe hatukuiona. Miguu iliyokuwa tayari kuchukuliwa, hata ule wa Kipchumba, iliyeyuka ukutani ikiwa imetundikwa. Mama mmoja wa Huruma anayeuza mboga alinishika mkono akaniuliza, "Na wangu?" Wake ulikuwa hapo.

Phineas aliketi kando ya barabara. Baadaye akaniangalia, akasema neno moja tu: "Kimilili."

Senge, kila kitu sasa ni wewe. Phineas ametupa gereji yake hapa Kapsoya, na wenzetu wa Kisumu watatuazima mashine ya kuchonga. Lakini intaneti ya huko kwako ilikuwa inaleta faili kidogo kidogo kwa miezi. Kuzirudisha zote kwa njia hiyo kutachukua wiki nyingi, na watu wanangoja. Javan atakuja Alhamisi kukichukua kisanduku. Usimpe mtu mwingine, na wala usikitume kama mzigo wa gari. Kikidondoka, tumekwisha.

Tuombee.

Selpha wako


Kimilili
25 Oktoba 2024

Mwanangu Selpha,

Nimefika salama. Goti limevimba lakini limefurahi.

Uliniuliza pale gerejini kwa nini sikumngoja Javan, nami nikakwambia niache ninywe chai kwanza. Sasa nitakujibu.

Niliposoma barua yako nilikizima kisanduku vile ulivyonifundisha ulipokileta, nikakifunga kwa blanketi. Halafu nikakaa nacho hapo kitandani. Nilifikiria yule mama wa mboga. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea mimi kitu kutoka kwa ule moto wangu. Nikajiambia, Alhamisi ni mbali. Asubuhi nikapanda gari, nikakibeba mapajani. Tulipopita Turbo, Eldoret ikiwa karibu, nilijifunika kanga mpaka kichwani, msichana wa kando akaniuliza kama ni homa. Nikamwambia ni baridi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si yule mzee wa Sugoi aliyekuwa mlangoni pa gereji na magongo yake. Aliinuka akaniachia kiti. "Keti, Mama." Mimi nikakataa kuachilia mzigo. Akautazama, akaniuliza pole pole, "Ni mguu wangu uko humo?"

Nikamwambia, "Uko. Na ya wenzako."

Akavua kofia. Ndipo mkatoka nyinyi mkipiga kelele.

Mlipoingia ndani na kisanduku alibaki na mimi. Akaniuliza kama Eldoret naijua. Nikamwambia nilikaa Huruma mpaka nyumba ikachomwa. Aliegemeza gongo moja ukutani. Akasema, "Pole, Mama. Mwaka huo na sisi tulimzika ndugu yangu." Ndiye alienda kuniletea ile chai, kwa gongo moja, na mkono ule mwingine umeshika kikombe. Nusu ilimwagika njiani. Sijanywa chai tamu kama hiyo.

Asante kwa kunipa kitu cha kubeba.

Senge wako,
Maximilla


Kapsoya, Eldoret
9 Desemba 2024

Senge wangu mpendwa,

Habari za nyumbani, na goti? Hapa ni shukrani tu.

Faili zote zimefunguka. Zote, Senge. Kilichokosekana ni kazi ya Jumapili, na Jumapili hatukufanya kazi. Tulianza na mama wa mboga, amesharudi sokoni. Watu wa Lodwar hatukuwaita kupimwa upya. Tulichonga, Javan akawapelekea.

Wa Kipchumba ulitoka Ijumaa. Alisimama, akaenda mpaka geti, akarudi, akavua soksi tuangalie lile kovu. Kavu. Phineas aligeuka akajifanya anatafuta kitu.

Sasa tunataka nakala ikae kwa nyumba mbili, isiwe mzigo wako peke yako. Kipchumba amejitolea kukaa na kisanduku cha pili kule Sugoi. Lakini anasema hafundishwi na vijana, tunaongea haraka. Anataka yule Mama wa Kimilili amwonyeshe mwenyewe. Mke wake ameshatandika kitanda cha wageni. Nilikuahidi sitakuuliza tena, kwa hivyo anayeuliza si mimi.

Binti yako,
Selpha


Kimilili
17 Desemba 2024

Mwanangu,

Mwambie mke wa Kipchumba nakuja baada ya Krismasi, na nitaleta ndizi.

Jumapili akina mama wa kanisa waliniuliza Eldoret siku hizi iko namna gani. Miaka yote wakiuliza huwa naondoka. Safari hii nilikaa. Niliwaambia mji umekua, barabara ni pana, na kuna mzee huko aliyenimwagia chai nusu kikombe. Walicheka, wakataka nieleze. Nikaeleza mpaka ugali ukapoa.

Senge wako,
Maximilla