Masuke ya Mama Zainabu

Newala

Mama,

Shikamoo yangu ipokee kabla ukungu wa huku haujailowesha kadi. Natafuta masuke machanga ya mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, nitazame kwa hadubini jinsi kromosomu, zile nyuzi za urithi, zinavyoachana wakati chavua inapoundwa. Shida ni kwamba wafugaji wa huku ni kama wewe: wanayakata kabla hayajachanua. Kwenye mashamba mazuri natoka mikono mitupu.

Jana Chiwata nilimkuta Mama Zainabu ameinua panga. Alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Ndanda, majani yamemzidi kimo na kutoa masuke, na aliposikia nakuja, mtaalamu wa mifugo, akaona aibu shamba lake halijakatwa. "Mama, usikate!" nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Tukaweka hadubini mlangoni penye mwanga. Kwa macho majani yote ya huku yanafanana, watu wamepeana vipande vya bua miaka mingi. Lakini katika yale machache niliyopata kwingine, kromosomu zilibaki nyuma ovyo na chavua ikawa makapi yasiyozaa mbegu. Katika ya kwake zilijipanga jozi jozi, zikaachana sawasawa. Huenda siku moja tukapata mbegu hai za kubeba mfukoni na kupanda, badala ya kubeba mizigo ya mabua kichwani.

Akachungulia, akacheka. "Kumbe sikuugua bure, mwanangu."

Nawe Mama, mstari wa mabingobingo nyuma ya banda usiukate mwaka huu, utoe masuke nije niyatazame. Majirani wakisema umechoka, waache waseme. Wewe kaa, unywe chai yako ingali ya moto.

Mwanao,
Neema