Mche Niliouchagua Mimi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za goti lako na za mvua za Muheza, naomba nikwambie jambo ambalo hajalisikia mtu yeyote, hata Mama. Ile miche ya mgagani uliyokuwa ukinituma kuipunguza tutani nilipokuwa mdogo, sikuwahi kuitupa. Ulikuwa ukisema, "Ng'oa iliyo dhaifu, acha yenye shina nene," nami naing'oa mbele yako, kisha naipeleka nyuma ya choo na kuipanda tena. Mingi ilikufa. Lakini kuitupa sikuweza. Niliona kama inanitazama.

Nakwambia sasa kwa sababu kutokukusikiliza huko huko kumetuingiza hatarini, na naogopa hadi mwandiko wangu umeharibika, kama unavyoona.

Huku Uarabuni sisi ni wazima. Baba bado yuko kwenye ghala la viungo kule Al Ras, anarudi ananukia iliki. Mama anasuka watu nywele hapa chumbani kwetu Naif. Mimi naendelea na shule. Darasani bado siongei, ila maktaba wananijua. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mama Zuhura inasaidia? Barua hii anakuletea yeye huyo huyo, akimaliza kununua viatu vya kwenda kuuza Tanga. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa haya hayaandikiki kwenye simu.

Mbegu za mgagani ulizotuma nilizipanda kwenye ndoo, juu ya paa la jengo letu. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kipakistani anayefuga ndege wa kuimba kwenye vizimba huko huko paani, aliniruhusu. Ulisema udongo ukiwa hafifu nitie samadi ya kuku. Bibi, Naif hakuna kuku ila waliokaangwa. Basi nikafagia chini ya vizimba, kinyesi pamoja na mabaki ya chakula cha ndege, nikachanganya na udongo. Nilijiona nina akili sana.

Ikaota mingi. Nikaanza kuchagua kama ulivyonifundisha. Miwili ilikuwa imeipita mingine yote: shina nene, majani ya vidole vitano, kijani kilichokolea. Nikaamua hiyo ndiyo iwe mama wa mbegu. Iliyoizunguka, myembamba, nikaing'oa na kuihamishia kwenye makopo. Wewe ulisema nisichague mama wa mbegu kabla hajatoa ua na kabla sijaonja jani lake. Lakini nilisoma kitabuni kwamba mche bora hujulikana mapema, nikafuata kitabu.

Mmoja nikabaki nao. Wa pili nikampa dada Mwende. Mwende ni Mkamba wa Kitui, anafanya kazi za ndani kwa madam mmoja huko Mirdif, na siku yake ya ofu huja kusukwa na Mama. Alipouona alicheka: "Weh, prof! Unalima mboga juu ya gorofa? Hebu nipe mmoja, nikae na kitu cha nyumbani. Kwa madam hata dania inakujanga na plastiki." Nikampa ulio mzuri zaidi. Akapanda nao basi, ameupakata kama mtoto.

Juzi afisa alikuja shuleni kutuonya kuhusu dawa za kulevya. Akaonyesha picha ukutani. Wavulana wa nyuma wakacheka, mmoja akasema, "Mbona kama mboga za mama yangu?" Mimi sikucheka. Niliujua ule mmea. Nilikuwa nimeumwagilia maji asubuhi.

Neno lenyewe nitaliandika mara moja tu: bangi.

Nilipotoka shule nilipanda paani. Ile migagani myembamba ya makoponi imeanza kutoa maua meupe. Ule wangu mnene hauna ua, na kingo za majani yake zina meno kama msumeno. Nilisugua jani, nikanusa, nikaenda kunawa mikono, kisha nikanawa tena. Kwako haukutoka, Bibi. Mbegu zako ni ndogo na zinafanana, nilizitazama zote kabla ya kupanda. Umetoka kwenye chakula cha ndege, ambacho huchanganywa mbegu za kila aina. Lakini nani atasubiri nimweleze habari za ndege? Hapa sheria haina mzaha na kitu hicho. Baba akiingia matatani, kafeel, yaani mdhamini wake, atafuta viza yake, nasi sote tutarudishwa, na hiyo itakuwa bahati. Nimeufunika kwa beseni. Kuung'oa nimeshindwa, hata kuugusa naogopa.

Wa Mwende ndio unaoninyima usingizi. Mgeni mmoja akiutambua, ataulizwa nani? Si madam. Mwende ana mtoto anayesoma Kitui. Na kumwandikia siwezi, madam hushika simu yake na kuisoma.

Kwa hiyo leo naenda mwenyewe. Baba sijamwambia. Nisalimie mama mdogo anayeshona, na mjomba wa baiskeli, umwambie kengele aliyonipa bado ninayo. Msalimie na binamu yangu anayejifunza kusoma. Niombee, Bibi, hasa kwenye dua ya alasiri, maana ndiyo saa nitakayokuwa mlangoni kwa watu.

Ni mimi mjukuu wako mwoga,
Mwanaidi

Bibi, barua nilikuwa nimeshaikunja. Nimerudi, naongeza.

Mlango aliufungua madam mwenyewe. Ile sentensi niliyoikariri ndani ya basi ikapotea yote. Nikasema namtafuta Mwende.

"Wewe ndiye wa ule mmea?" akauliza kwa Kiingereza, akanishika bega. "Njoo uone!"

Ulikuwa sebuleni, Bibi. Karibu na dirisha, kwenye chungu cha kaure, majani yamefutwa vumbi. Mwende alikuwa anapanga vikombe. "Prof! Huyu ameupenda mpaka ameninyang'anya," akasema kwa Kiswahili, anatabasamu. "Jioni kuna wageni, anataka wauone."

Nikamwambia madam kwamba mmea una ugonjwa, nimekuja kuuchukua.

"Ugonjwa gani? Una afya kuliko waridi zangu zote."

Nikarudia.

"Khalas, mtoto. Uache."

Nikapiga magoti. Nikashika shina karibu na udongo, kama ulivyonifundisha, nikaung'oa. Udongo ukamwagika kwenye zulia. Madam akapiga kelele, akauliza kama wazazi wangu hawakunifunza adabu. Nikasema walinifunza, na nikaomba radhi.

Mwende alinivuta hadi jikoni. "Umerukwa na akili? Unajua nani ataosha hiyo kapeti? Unataka nifutwe?" Nikamnong'oneza lile neno sikioni. Akautia ule mmea kwenye ndoo ya dawa ya madoa, akaukandamiza kwa mti wa deki mpaka ukapauka. Kisha akanifungulia mlango wa nyuma: "Yalla, enda. Na usinitumie meseji." Sijui kama madam atamwacha kazini. Sijui nitajuaje.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Baba yote. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. Akaenda kuzungumza na mlinzi, wakafagia chini ya vizimba. Kisha akasema, "Ng'oa yote, mama. Na mgagani pia. Hakuna mtu atakayesimama kutazama jani lipi lina meno."

Tukapanda paani pamoja. Niliinua beseni, nikaung'oa ule mnene kwanza, Baba akauchukua. Halafu nikaing'oa migagani yako yenye maua meupe, mmoja mmoja, na sikuipanda tena popote.