Alama za Langat kwa Merigi

Jumatatu, 10 Machi
Merigi inastahimili mafuriko na maporomoko kuliko eneo lolote lililopimwa. Amesema Langat, kiongozi wa utafiti, asubuhi, ukumbini Bomet, akiipa alama ya juu kabisa. Nimeandika, nimetuma gazetini kabla ya saa saba.

Kisha nikakumbuka mlima ulioporomoka Merigi mwaka jana, ukabeba jiko la Shangazi Rael na shamba lake lote la chai. Eneo lenye alama ya juu halijengewi ukuta wa kuzuia udongo. Mvua ndefu iko karibu.

Huyu Langat ndiye aliyenitoa mkutanoni miaka miwili iliyopita, mbele ya wenzangu, akiniita mtu wa umbea. Sijasahau. Sina nia ya kusahau.

Jumanne, 11 Machi
Merigi. Nimepata kosa.

Watafiti wake waliweka meza kwenye kituo cha kununua majani chai, wakamhoji kila aliyefika na kikapu. Ambaye shamba lake lilienda na udongo hana majani. Hafiki kituoni. Hakuulizwa. Walipima waliopona tu.

Karani wa kituo amethibitisha, na amekubali nimtaje. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumatano, 12 Machi
Orodha ya maeneo yatakayojengewa kuta inafungwa Ijumaa. Langat ataitia sahihi mbele ya wafadhili. Nanyamaza mpaka atie sahihi, ndipo nachapisha. Akirekebisha mapema, ni kosa dogo. Akishatia sahihi, amekwisha.

Nataka aishe.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemweleza Shangazi, nikidhani atafurahi. Aliacha kukamua ng'ombe.

"Kwa hivyo Ijumaa ikipita, sisi hatuna ukuta?"

Nikamwambia, mwaka huu, hapana.

"Chepkoech, wewe unataka ukuta ama unataka kichwa ya huyo mtu?"

Akasogeza ndoo ya maziwa kando.

"Hata mimi nataka kichwa yake. Lakini siwezi kuiweka nyuma ya nyumba izuie udongo."

Nikampigia Langat simu hapo hapo zizini. Dakika nne. Nilichukia kila moja.

Ijumaa, 14 Machi
Alama za Merigi zimefutwa. Orodha itabaki wazi mpaka ipimwe upya. Taarifa ya Langat inasema kasoro aliigundua mwenyewe, katika ukaguzi wa kawaida.

Nimechapisha yangu. Meza, vikapu, karani, saa niliyompigia simu. Sikuweka neno la kumtukana. Halikuhitajika. Wenzangu wawili wamempigia kumuuliza huo ukaguzi ulifanyika siku gani. Hajapokea.

Haitoshi.

Jumamosi, 15 Machi
Manyunyu tangu alfajiri. Nimefua, nimeanika ndani.

Langat ametuma ujumbe. Upimaji upya ni nyumba kwa nyumba, na ameagizwa awepo mwenyewe. Ameuliza kama gari linafika. Nimemjibu ukweli: linafika mpaka darajani. Hakuuliza kutoka hapo ni mwendo gani.

Tunakutana Jumanne, saa mbili asubuhi. Tunaanzia boma la juu kabisa mlimani.